Nyimbo za Lugha Nisizozijua: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nusu ya nyimbo ninazosikiliza kila siku ziko katika lugha ambazo siwezi hata kuombea maji. Kila anayegundua hilo ananiuliza kitu, na maswali yanafanana mno. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu kadiri nilivyojaliwa kuelewa baada ya miaka mingi ya kusikiliza.

Unafurahia nini hasa, kama huelewi neno hata moja?

Nafurahia sauti. Mtu akiimba kwa lugha ninayoijua, akili yangu hukimbilia maana kabla sikio halijamaliza kusikia. Nikishajua anasema ameachwa, nimeridhika, na yale mengine yanapita. Akiimba kwa lugha nisiyoijua, akili haina pa kukimbilia, kwa hiyo inabaki palepale na kusikiliza. Nasikia anapovuta pumzi kabla ya kiitikio. Nasikia sauti inavyokwaruza kidogo mwisho wa ubeti wa pili, na besi inavyojibizana na ngoma.

Lugha yenyewe inageuka ala. Kireno cha Brazili kinapita puani na kulainika hata mtu anaposema jambo zito. Kijerumani hugonga konsonanti mwishoni mwa neno, na hilo huupa wimbo mapigo ya ziada ambayo mpiga ngoma hakuyapiga. Kuna waimbaji wa Kiarabu wanaoweza kuivuta irabu moja mpaka ukadhani wameisahau, kisha wakairudisha pale ilipoanzia. Sihitaji kamusi ili nisikie hayo.

Kwa hiyo maana haina umuhimu?

Ina umuhimu mkubwa. Sijasema maana iachwe, nimesema isubiri.

Sikio peke yake hukosea. Mwaka 2020 dunia nzima ilicheza "Jerusalema" ya Master KG na Nomcebo Zikode: madaktari na wauguzi kwenye korido za hospitali, watawa, askari, wote kwa hatua zilezile. Ukiusikiliza kwa midundo tu utadhani ni wimbo wa sherehe. Kumbe ni sala kwa Kizulu. Mwimbaji anasema Jerusalema ndiyo kwao na anaomba aokolewe, asiachwe hapa alipo. Mtu aliyecheza bila kujua hakukosa adabu, kwani midundo ile iliwekwa ili ichezwe. Lakini aliyecheza huku anajua alicheza wimbo mwingine. Nilipojua, niliusikiliza upya kutoka mwanzo, na ile sauti ya Nomcebo niliyodhani imetulia niliisikia ikiomba.

Neno analolitumia kwa nyumbani ni *ikhaya*. Ni ndugu wa damu wa neno letu *kaya*. Lilikuwa masikioni mwangu muda wote na sikulitambua.

Nianze na tafsiri au nianze na kusikiliza?

Sikiliza kwanza. Usifungue tafsiri siku ya kwanza, hata ukiwashwa namna gani. Ukishaisoma huwezi tena kuusikia wimbo kama asiyejua, na usikivu ule wa mwanzo haurudi.

Mimi hufanya hivi. Nausikiliza wimbo kwa wiki hivi, bila kuuliza chochote. Kisha nakaa na hedifoni, karatasi na penseli, naandika ninachosikia silabi kwa silabi, kwa tahajia ya Kiswahili. Ni kazi ya polepole. Dakika tatu za wimbo zinaweza kula saa nzima. Baada ya hapo natafuta maneno halisi, nayalinganisha na karatasi yangu, na mwisho kabisa nasoma tafsiri.

Mfano ulionifunza zaidi ni wimbo wa Kijapani ulioimbwa na Kyu Sakamoto mwaka 1961. Nilipouandika, mstari wa kwanza ulinipa *ue o muite*, na mbele yake kidogo nikaandika *nami da*. Nikapigia mstari *nami*, kwa sababu lilikuwa neno la kwetu na nikajikuta nalipenda bila sababu. Karibu na mwisho mwimbaji anaacha maneno na kupiga mluzi. Niliuona mluzi ule kuwa wa mtu mwenye furaha, anayetembea bila haraka jioni.

Ndipo nikatafuta maneno. *Namida* ni machozi. Mwimbaji anatembea huku ametazama juu ili machozi yasidondoke. Niliweka penseli chini. Nilipousikiliza tena, mluzi ulikuwa uleule, lakini sasa ulikuwa wa mtu ambaye akijaribu kuimba sauti itakatika.

Na bado kulikuwa na la ziada. Aliyeandika maneno hayo, Rokusuke Ei, aliyaandika akiwa na uchungu baada ya maandamano makubwa ya mwaka 1960 ya kupinga mkataba wa usalama kati ya Japani na Marekani kushindwa kuuzuia. Wimbo hautaji mkataba wala maandamano, ndiyo maana kila aliyewahi kupoteza kitu anauona wake. Ulipouzwa nje ya Japani ulibatizwa "Sukiyaki", jina la mchuzi wa nyama ambao haumo kabisa kwenye wimbo, eti kwa sababu neno hilo wageni walikuwa wanalijua na ni jepesi kutamka. Mwezi Juni 1963 ukakaa kileleni mwa chati ya Billboard ya Marekani kwa wiki tatu. Mamilioni walimpenda mtu anayezuia machozi huku jalada la santuri likiwaambia ni mchuzi. Jina lile linaniuma mpaka leo, maana lilimfungia msikilizaji mlango ambao tafsiri ya jina halisi, la kutembea ukitazama juu, ingemfungulia.

Mbona mara nyingine nasikia Kiswahili ndani ya wimbo wa kigeni?

Kwa sababu sikio halipendi kelele zisizo na maana. Likikosa maana linajitengenezea kwa vifaa lilivyo navyo, na vifaa vyako ni Kiswahili.

Kijapani kinatutega kuliko lugha nyingi, kwani silabi zake, kama zetu, karibu zote huishia kwenye irabu. *Hana* kwao ni ua, au pua. *Nami* ni wimbi. *Mimi* ni sikio! Mtu anaweza kuimba kuhusu maua na mawimbi, nawe ukasikia mtu ambaye hana kitu anajitaja mwenyewe. Wajapani wenyewe wana neno la hali hii ya kusikia maneno ya lugha yako ndani ya wimbo wa watu: *soramimi*, yaani kama sikio tupu.

Usione aibu ukikosea hivyo. Andika ulichosikia, halafu kaa tayari kusahihishwa.

Na Kilingala? Kile si nakielewa kidogo?

Unakielewa kidogo, na hapo ndipo penye mtego. Rumba ya Kongo, ambayo UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2021, imejaa maneno yanayotupungia mkono. *Mwana* ni mtoto, *mama* ni mama. Unajiona umefika. Kisha linakuja *moto*, unaona wimbo umewaka, kumbe ni mtu. *Motema* ni moyo, *bolingo* ni mapenzi, *nzela* ni njia, *mokili* ni dunia. Ukiyajua hayo manne, utashangaa jinsi pazia linavyofunguka kwenye rumba za mapenzi na za kulalamikia dunia. Ila usimtafsirie mwenzako kwa kubahatisha. Lugha jirani hudanganya kuliko lugha ya mbali, kwa kuwa ya mbali huiamini haraka namna hiyo.

Tafsiri ya mashine inatosha?

Kwa kujua wimbo unahusu nini, inatosha. Kwa kujua wimbo unasema nini, haitoshi.

Chukua mtu anayeimba kwa Kiswahili kwamba kwa huyu binti *amekufa ameoza*. Ipeleke neno kwa neno kwenye lugha ya mbali, na msikilizaji wa huko atadhani ni wimbo wa maiti. Sasa geuza: kila wimbo wa kigeni una *amekufa ameoza* zake, na mashine haikuonyeshi ziko wapi. Kwa hiyo ukiona mstari wa ajabu katikati ya wimbo wa mapenzi, usicheke wala usiuruke. Hapo ndipo kwenye utamu. Tafuta tafsiri mbili au tatu zilizofanywa na watu, uone zinapotofautiana. Mashabiki wengi hutafsiri na kuweka maelezo pembeni, na maelezo yale mara nyingi ni bora kuliko tafsiri yenyewe.

Ni sawa kuimba maneno nisiyoyajua?

Kuimba peke yako au na rafiki, imba. Wakubwa wamefanya hivyo. Nat King Cole alirekodi albamu nzima ya Kihispania mwaka 1958 bila kukijua Kihispania. The Beatles waliingia studio Paris mwezi Januari 1964 na kuimba nyimbo zao mbili kwa Kijerumani. Selena, malkia wa Tejano, muziki wa Wamarekani wa Texas wenye asili ya Meksiko, alikulia kwenye Kiingereza na alianza kuimba Kihispania kwa kukariri matamshi. Lugha yenyewe aliijua baadaye, akiwa tayari anapendwa kwayo.

Mbele za watu, ninaomba jambo moja tu: jua unachosema kabla hujapanda jukwaani. Kuna maneno katika nyimbo za mitaani za lugha yoyote ambayo ni matusi kwa kundi fulani la watu. Wenyewe wakiitana hivyo ni jambo lao. Likitoka kinywani mwako linakuwa tusi. Kutojua hakumpunguzii maumivu aliyetukanwa.

Nawezaje kuyatamka vizuri?

Kama lugha ina maandishi yake, tafuta maneno yaliyoandikwa kwa herufi za Kilatini, nyimbo nyingi maarufu unazipata hivyo mtandaoni. Kikorea ningekushauri ujifunze maandishi yenyewe. Alfabeti yao, iliyotangazwa na Mfalme Sejong mwaka 1446, ina herufi za msingi 24, na imepangwa kwa mantiki inayokufanya uisome baada ya siku chache za bidii.

Halafu punguza kasi. Programu nyingi za video zinakuruhusu. Na ujue kwamba matamshi ya kuimba si ya kuongea. Kifaransa, kwa mfano, kina *e* ya mwisho wa neno ambayo kwenye mazungumzo haisikiki, lakini kwenye wimbo hupewa noti yake na kusikika kama silabi kamili. Ukiongea hivyo watu watakushangaa.

Nitaijua lugha kwa njia hii?

Kuijua yote, hapana. Utapata matamshi na maneno kadhaa ambayo hayatakutoka maisha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walichapisha mwaka 2013 jaribio lililowafundisha watu wazima sentensi za Kihungaria kwa njia tatu: kuzisema, kuzisema kwa mapigo, na kuziimba. Walioziimba walifanya vizuri zaidi walipotakiwa kuzirudia. Lakini lugha ya nyimbo ni lugha ya wapenzi na walioachwa. Utajua kusema "usiniache" katika lugha sita na usijue kuuliza basi linaondoka saa ngapi katika hata moja.

Kichina kina toni, yaani sauti ikipanda au kushuka neno hubadilika maana. Wakiimba, toni zinakwenda wapi?

Swali zuri sana, na jibu linategemea ni Kichina kipi. Katika Kimandarini, chenye toni nne, nyimbo za pop kwa kawaida hufuata melodia na kuziacha toni, msikilizaji anaelewa kwa muktadha. Katika Kikantoni, Kichina cha Hong Kong, mambo ni magumu zaidi. Huko mtunzi wa maneno anatakiwa achague maneno ambayo kupanda na kushuka kwa toni zake kunakwenda sambamba na kupanda na kushuka kwa melodia, la sivyo msikilizaji atasikia neno jingine kabisa. Na mara nyingi melodia hutungwa kwanza, kwa hiyo mwandishi anapewa njia iliyokwisha kuchongwa na kuambiwa aipitie bila kujikwaa. Tangu nilipojua hilo nasikiliza pop ya Hong Kong kwa heshima ninayowapa watunzi wetu wa mashairi ya vina na mizani.

Kuna nyimbo ambazo hata wenye lugha hawazielewi?

Zipo, na ninazipenda. Mwaka 1972 Adriano Celentano wa Italia alitoa wimbo wenye maneno ya kubuni yanayosikika kama Kiingereza cha Marekani. Karibu yote hayana maana. Waliokulia kwenye Kiingereza wakiusikia wanapata kwa dakika chache kile ambacho wengine wote tunakipata tukiwasikiliza wao. Lionel Richie katika "All Night Long" ya 1983 ana kipande kinachosikika kama lugha ya Kiafrika. Amekwisha kusema mwenyewe kwamba alikibuni. Kama uliwahi kukaa ukijiuliza ni lugha ya wapi, pumzika.

Na kundi la Sigur Rós la Iceland lilitoa albamu nzima mwaka 2002 katika sauti zisizo lugha ya mtu yeyote, na kijitabu chake wakakiacha na kurasa nyeupe ili msikilizaji aandike anachosikia.

Nisikilize wimbo wa lugha ya asili, au ule uliotafsiriwa ukaimbwa upya?

Wa asili. Maneno na melodia vilizaliwa pamoja, na anayetafsiri analazimika kutoa sadaka: ama maana, ama vina, ama urahisi wa kutamka. Nena wa Ujerumani aliimba wimbo wake wa maputo 99 kwa Kijerumani na kwa Kiingereza. Mwaka 1984 Marekani waliupandisha mpaka namba mbili ukiwa wa Kijerumani, wakati Uingereza wa Kiingereza ulifika namba moja. Wamarekani waliuchagua ule wasiouelewa, na kwa sikio langu walichagua vizuri.

Nyimbo hizi hufika mbali kweli, au ni za wachache?

Hufika. Mwaka 1958 Domenico Modugno wa Italia aliongoza chati ya Marekani kwa wimbo wa Kiitaliano tunaoujua kama "Volare", na mwaka uliofuata, tuzo za Grammy zilipotolewa kwa mara ya kwanza, ukatwaa rekodi bora ya mwaka. Mwaka 2012 "Gangnam Style" ya Psy, kwa Kikorea, ilikuwa video ya kwanza ya YouTube kutazamwa mara bilioni moja. Mwaka 2017 "Despacito", kwa sehemu kubwa Kihispania, ilikaa kileleni Marekani wiki 16. Anayekwambia kwamba watu hawanunui wasichokielewa hajaangalia.

Wenzangu wanasema najifanya. Niwajibu nini?

Usiwajibu. Wawekee wimbo mmoja, mfupi, wenye kiitikio kinachoshika, halafu nyamaza.

Wageni wakisikiliza nyimbo za Kiswahili, wanasikia nini?

Hili nililiweka mwisho makusudi, maana ndilo lililonibadilisha usikivu.

Michael Jackson anafungua "Liberian Girl" kwa maneno ya Kiswahili, yanayosemwa na Letta Mbulu wa Afrika Kusini. Sisi tunasikia mara moja kwamba mtu anasema anapenda na anataka, na tunasikia pia kwamba Liberia na Kiswahili wapi na wapi. Msikilizaji wa mbali anasikia mnong'ono mtamu tu.

Au mchukue Miriam Makeba akiimba "Malaika". Sauti ile ni ya ajabu, na wimbo ulizunguka dunia kwa ajili yake. Lakini anaimba *ningekuoa*. Kila aliyekulia kwenye Kiswahili hapo sikio linasimama kidogo: mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Ni mwanamke anayeimba maneno ya kijana asiye na mali, na hakuyageuza. Wengine wanaona ni kosa. Mimi naona linaupa wimbo kitu ambacho mwanamume akiuimba hakimo. Ukumbi mzima wa Ulaya unaweza kulia machozi kwa wimbo huo bila mtu hata mmoja kukihisi kigingi kile kidogo.

Basi nami, katika kila wimbo wa Kijapani au wa Kizulu ninaoupenda, niko ndani ya ukumbi ule. Nikimpata mwenye lugha simuulizi maana ya maneno, hiyo naipata mwenyewe. Namuuliza ni wapi sikio lake linasimama. Mzungumzaji mmoja wa Kijapani nilimwekea wimbo wa Sakamoto, akasikiliza mstari wa kwanza tu, akanionyesha kwa kidole hewani: *muite* haliimbwi hivyo lilivyo, Sakamoto analikatakata, *mu-u-i-te*, kama mtu anayejikwaa. Nilirudi kwenye karatasi yangu ya zamani. Nilikuwa nimeliandika neno lile limenyooka.